Anza na sidiria, taiti baadaye: mwongozo kwa dada anayeanza kukimbia

Mashoga zangu mnaotaka kuanza kukimbia, tuanze na hela kwanza. Dada akishaamua kuanza joging kitu cha kwanza anachonunua ni taiti nzuri na tisheti inayoendana nayo, ikibaki hela ananunua raba, alafu sidiria anavaa ileile anayoendea kazini kila siku. Baada ya wiki chache unamsikia anasema kukimbia kumemshinda, mara kifua kinauma, mara mabega, mara ameona watu wanamwangalia pale barabarani akaona aibu akaacha. Yani mtu ana pumzi nzuri tu na miguu mizuri tu, kilichomtoa ni sidiria! Mi inaniuma sana hii, ndo maana naandika. Kwa hiyo we geuza mpangilio, hela ya kwanza nunua sidiria ya michezo, hela ya pili viatu, na nguo za juu tutaona huko mbele kwamba nyingi unazo tayari kabatini.

Kwa nini sidiria kwanza? Titi halina msuli ndani yake. Limeshikwa na ngozi pamoja na nyuzi nyembamba zinazoitwa ligamenti za Cooper, basi hamna kingine. Ukitembea halina shida ila ukianza kukimbia linaenda juu na chini, kulia na kushoto, mbele na nyuma, vyote kwa pamoja, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth kule Uingereza ambao wamelisoma jambo hili miaka mingi wameonyesha kwamba mwendo wake unachora kama namba 8. Sidiria ya kawaida imeshonwa kuinua na kupendezesha, haijashonwa kuzuia mwendo wa namna hiyo. Na hili haliwahusu wenye vifua vikubwa peke yao, dada mwenye saizi A, yani kikombe kidogo, naye anaumia, tena huyo ndo anadanganywa zaidi kwamba "we huhitaji".

Alafu mjue kitu hiki hakijakuwepo siku zote. Ni mwaka 1977 kule Vermont, Marekani, dada mmoja mkimbiaji anaitwa Lisa Lindahl alichoka na maumivu, akakaa na rafiki yake Polly Smith aliyekuwa anashona mavazi ya jukwaani, wakiwa na Hinda Miller, wakachukua vile vivazi vya wanaume wanamichezo vya kukinga sehemu za siri, viwili, wakavishona pamoja, ikawa ndo sidiria ya kwanza ya kukimbilia. Wanawake walitengenezewa kwa kuwa wanawake wenyewe walikaa chini wakashona. Miaka saba baadaye, 1984, ndo marathoni ya wanawake ikaingia Olimpiki pale Los Angeles.

Haya, unachaguaje. Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ile ya kubana, kipande kimoja kisicho na vikombe, unaivaa kwa kupitisha kichwani, inabana kifua chote kwa pamoja, hii inawafaa wenye kifua kidogo mpaka cha wastani. Ya pili ina vikombe viwili vilivyotengana kama sidiria ya kawaida ila imara zaidi, ina kifungo nyuma na kamba pana unazoweza kurefusha na kufupisha, kila titi linakaa mahali pake. Kama uko saizi D kwenda juu tafuta hii ya pili, au ile inayochanganya yote mawili, maana ya kubana peke yake itakukandamiza mpaka upumue kwa shida na bado kifua kitaruka.

Saizi sasa. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kwa inchi chini kabisa ya matiti, futi ikae sawa nyuma na mbele, ibane kidogo, hiyo ndo namba yako ya mkanda. Alafu pima pale kifua kilipojaa zaidi bila kubana. Toa ya chini kwenye ya juu, ikibaki inchi 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D. Mfano chini una 34 na juu una 37, we ni 34C. Na kama dukani hamna 34C, jaribu 32D au 36B, ujazo wa kikombe ni uleule kinachobadilika ni mkanda, ila kwa kukimbia mi nakushauri uende kwenye mkanda mdogo kuliko mkubwa kama hauumii. Zile zinazouzwa kwa S, M na L fuata kibao cha vipimo cha mtengenezaji maana M ya kiwanda hiki siyo M ya kiwanda kile. Na pima upya kila baada ya muda, ukinenepa, ukipungua, ukizaa, ukimwachisha mtoto ziwa, saizi ya mwaka juzi haikuhusu tena.

Kitu ambacho wadada wengi hawajui ni kwamba kazi kubwa inafanywa na mkanda wa chini, siyo kamba za mabegani. Kama kamba zimekuchora mistari mabegani ujue mkanda umelegea na mabega ndo yanabeba mzigo wote. Ukivaa, mkanda ukae usawa mmoja mbele na nyuma, ukiona nyuma unapanda kuelekea mabegani hiyo ni kubwa. Ingiza vidole viwili chini ya mkanda, viingie kwa kubanwa kidogo, vikiingia vinne ni kubwa, kisipoingia hata kimoja ni ndogo. Juu ya kikombe nyama isimwagike, kwapani isitokeze, na kitambaa cha kikombe kisikunjamane maana hapo kikombe kimekuwa kikubwa. Ikiwa mpya ifunge kwenye kifungo cha mwisho kabisa cha nje, kile kilicholegea kuliko vyote, maana lastiki itavutika kadri unavyofua na utakuwa unasogea ndani taratibu. Ukinunua ikiwa inakukaa kwenye kifungo cha ndani kabisa umeshanunua sidiria iliyokwisha.

Na kwenye chumba cha kujaribia usisimame tu mbele ya kioo ukajiangalia, ruka! Ruka mara kumi, kimbia palepale ulipo, nyanyua mikono yote juu uone kama mkanda unapanda, vuta pumzi ndefu mpaka mwisho. Dada wa dukani akikushangaa mwambie unanunua ya kukimbilia. Kama duka hawaruhusu kujaribu, kwa kitu hiki mi naondoka tu, hata kama muuzaji ananiambia "dada angu hiyo inavutika, chukua tu".

Kuhusu mitumba hapa nina msimamo. Viatu mtumba sawa, nguo za juu mtumba sawa kabisa, sidiria hapana. Kwanza hapa Tanzania nguo za ndani za mitumba zilishapigwa marufuku na TBS, lile Shirika la Viwango, sidiria zikiwemo, japo tunaziona zimemwagwa chini kila siku. Pili hata tukiacha afya pembeni, unachonunua kwenye sidiria ya kukimbilia ni ile lastiki, na lastiki ya mtumba imeshavutwa na mwili wa mtu mwingine na kufuliwa mashine mara nyingi sana. Ishike mkanda kwa mikono miwili uvute alafu uachie, utaona inarudi polepole au imebaki na mawimbi pembeni, hiyo haishiki kitu. Afadhali sidiria moja mpya ya kawaida isiyo na jina kubwa kuliko tatu za brandi zilizochoka.

Kwa wenye vifua vikubwa ambao hawapati saizi yao madukani, na najua mko wengi, kuna njia ya kuvaa mbili, ya ndani yenye vikombe inayokukaa vizuri na ya juu ile ya kubana bila vikombe. Siyo njia ya maisha yote ila inakutoa nyumbani huku unatafuta. Pia mkanda ukiwa mpana kwako fundi mzuri anaweza kuupunguza, ila mwambie asiguse vikombe. Mama anayenyonyesha, mnyonyeshe mtoto kwanza au kamua ndo utoke, chukua yenye kifungo cha mbele au cha nyuma siyo ya kupitisha kichwani, na ukirudi ivue mapema maana kubanwa muda mrefu maziwa yanaweza kuziba ukaamka titi limevimba na homa juu.

Tuje kwenye viatu. Hapa mjini raba ni kitu cha kupendezea, kwa hiyo mtu anatoka na Air Force nyeupe anasema ana raba tayari. Air Force 1 ilitoka mwaka 1982 kwa ajili ya mpira wa kikapu, ni nzito, soli bapa, ukikimbia nayo kwenye lami kila asubuhi muundi na magoti yatakusema. Raba za kitambaa zenye soli nyembamba ya mpira nazo ni za kutembelea. Kiatu cha kukimbilia unakijua kwa wepesi wake, kwa sponji nene kati ya soli na mguu, na kwa sehemu ya juu yenye kitambaa cha matundu matundu kinachopitisha hewa.

Kajaribu viatu mchana au jioni, usiende asubuhi, maana mguu unavimba mchana kutwa na unavimba pia ukikimbia. Nenda na soksi zako za kukimbilia. Simama wima, mbele ya kidole kirefu kuliko vyote kubaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, na kidole kirefu siyo lazima kiwe gumba, kwa wengine ni cha pili. Kwa hiyo kama viatu vya kazini unavaa 38 usishangae cha kukimbilia kikawa 39 au hata 40, na mguu ukizidi mwenzake nunua kwa kufuata ule mkubwa. Waliozaa wajipime upya, ujauzito unaweza kuuongeza mguu na ukabaki hivohivo. Kisigino kisipande wakati unatembea, pembeni kwenye kidole kidogo kusibane. Kiatu cha kukimbilia hakihitaji kuzoewa, ule usemi wa "kitaachia tu" uishie kwenye viatu vya harusini, kikibana dukani kitakutoa kucha barabarani.

Kama kisigino kinapwaya kidogo na kwingine kote kiko sawa usikiache, angalia lile tundu la mwisho la juu kabisa ambalo watu wengi hawaligusi. Ingiza kamba kwenye tundu hilo upande uleule, isivuke, itengeneze kijitanzi kidogo, fanya hivo pande zote mbili, alafu sasa ndo uvushe kamba ya kulia iingie kwenye kijitanzi cha kushoto na ya kushoto iingie cha kulia, vuta kwenda chini kuelekea kisiginoni, funga. Utasikia kisigino kimetulia palepale.

Mtumba wa viatu unaruhusiwa na tena unaweza kupata kiatu kizuri sana Karume au Kariakoo, na ndugu zetu wa Nairobi wana Gikomba na Toi, ila kikague. Geuza soli kwanza, zile ndita kama zimefutika upande mmoja ujue aliyekivaa alikuwa anakanyaga upande huo na kiatu kimeshakaa hivo, kitakulazimisha na we ukanyage kama yeye. Kiweke mezani ukiangalie kwa nyuma, kikilala kulia au kushoto kirudishe. Bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole gumba, inatakiwa ibonyee na irudi, ikiwa ngumu kama ubao au imejaa mikunjo midogo midogo imekufa hata kama juu kinang'aa kama kipya, maana wauzaji wanajua kuvisafisha viatu jamani, wanapiga brashi mpaka unakiona kimetoka dukani. Alafu kikunje, kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapoanzia, kikikunjika katikati ya unyayo hicho hakikushiki. Mwisho vuta kidogo soli uone gundi, kiatu kilichokaa stoo miaka gundi inakauka, unakimbia kilomita mbili soli inabaki nyuma. Mambo haya matano yafanye pia kwa kiatu kipya cha bei rahisi cha Kariakoo maana feki ni nyingi na jina pembeni halikusaidii chochote ukiwa barabarani.

Tangu Alphonce Simbu atuletee dhahabu ya dunia ya marathoni kutoka Tokyo Septemba 2025 kuna watu wanatafuta viatu kama vya wale wakimbiaji wakubwa, vile vya soli nene sana vyenye bamba la kaboni ndani. Tunajivunia Simbu sana, ila vile vimetengenezwa kwa mtu anayeenda spidi kubwa sana, ni ghali, vinaisha haraka na vinayumba ukienda polepole. We unayeanza na kilomita mbili za kutembea na kukimbia tafuta kiatu cha mazoezi ya kila siku. Wala usihangaike na stori ndefu za mguu unaoegemea ndani au nje kama huna maumivu, kigezo kikubwa ni mguu wako usikie raha ukikimbia hatua chache nacho. Kiatu kizuri kinakaa takriban kilomita 500 mpaka 800, baada ya hapo sponji inachoka hata kama juu hakijachanika.

Soksi usizidharau. Za pamba nene zinashika jasho, zinakunjana, unapata malengelenge. Chukua za poliesta au nailoni zilizochanganywa, zinazobana vizuri, zipite juu ya ukingo wa kiatu.

Nguo za juu sitakaa sana maana nilishasema nyingi unazo. Jezi ya mpira ya kaka yako ni poliesta, inakauka haraka, hiyo ni nguo ya kukimbilia tayari. Tisheti ya pamba siyo dhambi kwa dakika ishirini, ila kwa joto la Dar inajaa maji ya jasho, inakuwa nzito, inakwangua kwapani. Taiti chukua ya kiuno kipana isiyoshuka, ukiwa dukani chuchumaa mbele ya mwanga umuombe shoga yako aangalie nyuma kama inaonyesha, na kama hujisikii huru na taiti peke yake vaa bukta pana juu yake au tisheti ndefu, hamna sheria inayosema mkimbiaji lazima abanwe. Mapaja yakigusana vaa taiti inayofika gotini au paka vaselini ndani ya mapaja, chini ya mkanda wa sidiria na kwapani kabla hujatoka, usisubiri ichubuke ndo upake. Chupi isiwe ya lesi wala yenye mshono mnene.

Wanaovaa hijabu, tafuta ile ya kuvaa kichwani moja kwa moja isiyo na pini, kitambaa chepesi kama cha jezi, na ukikosa mpelekee fundi hicho kitambaa atakushonea bila shida. Juu, kanzu fupi ya poliesta inayofika gotini yenye mpasuo pembeni inakupa hatua, buibui litakukwaza miguuni. Zanzibar na Tanga kuna wadada wanakimbia hivo asubuhi na wanakimbia kweli.

Rangi ziwe za kuonekana. Wengi tunatoka saa kumi na moja alfajiri kabla ya kazi, kuna giza na bodaboda hazina huruma, kwa hiyo kale kakizibao ka reflekta wanakovaa bodaboda wenyewe kanunue uvae juu, ni bei ndogo mno ukilinganisha na kugongwa. Arusha, Mbeya na Njombe mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali, vaa nyepesi mbili badala ya sweta moja zito, na utoke unahisi kabaridi kidogo maana ukianza tu mwili unachemka.

Na kuna jambo moja nalisemea kwa ukali kabisa, mambo ya kujifunga nailoni tumboni au kuvaa koti la plastiki na sweta mbili ili utoke jasho upungue. Jasho ni maji, ukirudi nyumbani ukanywa maji ule uzito umerudi. Mafuta hayatoki kwa njia hiyo, kinachotokea ni mwili unashindwa kujipoza, unaishiwa maji, unaweza kuanguka kwa joto hasa hapa pwani ambapo hewa yenyewe ina unyevu na jasho halikauki vizuri. Dada yangu vua hiyo nailoni. Na mkanda wa kubana tumbo nao uache nyumbani, unahitaji tumbo ndo upumue.

Ukirudi, sidiria usiitupe kwenye beseni ikalala na jasho mpaka kesho. Ifue kwa mkono na maji ya baridi na sabuni ya kawaida, usitie dawa ya kulainisha nguo, usiikamue kwa kuisokota, anika kivulini ikiwa imelala au imeshikwa mkanda, usiianike kwa kamba za mabegani maana maji yatazivuta. Pasi hapana. Ukiweza ziwe mbili za kupokezana, moja inapumzika. Viatu vikilowa na mvua ya masika toa soli ya ndani, jaza magazeti, yabadilishe yakilowa, weka kivulini penye upepo. Usivipandishe juu ya bati wala usivisogeze kwenye jiko, joto linaua gundi na sponji. Na siku ukiona sidiria imefika kifungo cha ndani kabisa na vidole vinne bado vinaingia, hiyo sasa ivae nyumbani, ya kukimbilia kanunue nyingine.